Mita inaihesabu nyumba ya mama kuwa ghorofa: nianzie wapi kudai?

Ndugu Mshauri,

Assalamu alaikum. Naandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mjane mwenye umri wa miaka 70, anayeishi Mikindani, Mtwara, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mimi mwenyewe ninaishi Masasi, ambako ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na nakiri mapema kwamba kazi hiyo ndiyo inayonizuia kulinyamazia jambo ambalo ndugu zangu wanaliita dogo. Mtu anayeshinda akibishana na wakulima juu ya kilo mbili hawezi kuona shilingi elfu sita zinaondoka kila mwezi bila maelezo, akakaa kimya.

Jambo lenyewe ni kodi ya majengo inayokatwa kupitia mita ya LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Aliyeanza kulishtukia ni mama, ingawa hakujua kwamba ni kodi. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba umeme unaonunuliwa mwanzoni mwa mwezi ni mwepesi, hauna nguvu: akitoa shilingi 10,000 anapata uniti 7 tu, na akitoa kiasi hicho hicho baada ya wiki mbili anapata uniti 28. Akaamua awe anasubiri hadi tarehe 15 ndipo anunue, akilala na kandili siku hizo zote, na bado uniti za kwanza zikaja zile zile 7. Nilipokwenda kumjulia hali baada ya Idi nikaomba simu yake, nikasoma ujumbe wa manunuzi mmoja baada ya mwingine, nikakuta kila mwezi zimekatwa shilingi 7,500 za kodi ya majengo kabla ya umeme kuhesabiwa.

Kama wasomaji wengi wanavyojua, utaratibu wa kukata kodi hii kwenye mita ulianza Agosti 2021, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Kuanzia Julai 2023 viwango vikapanda na kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mita ya mama inasomeka kuwa ya ghorofa, na nyumba yetu si ghorofa.

Hapa naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu naamini shauri lote limesimama kwenye umbo la nyumba yenyewe. Anayeifahamu Mikindani anajua kwamba mji uko kati ya ghuba na vilima, na nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko. Yetu ni mojawapo. Upande wa juu, ambako ndiko kwenye mlango mkubwa na baraza, unaingia moja kwa moja kutoka kwenye njia, hupandi hata ngazi moja. Kuna korido katikati na vyumba sita, vitatu kila upande, halafu uani. Upande wa chini ardhi inashuka, na msingi ukalazimika kuinuliwa sana kwa mawe ili sakafu ikae sawa. Marehemu baba hakutaka nafasi iliyobaki chini ya sakafu ipotee bure, akaacha uwazi, akatia mlango wa mbao, akawa anahifadhi nyavu na baadaye magunia. Nimepima mwenyewe kwa utepe: kutoka chini hadi kwenye boriti ni futi tano na inchi nne. Haina dirisha wala sakafu ya saruji, na kaka yangu, ambaye si mrefu, huingia humo akiwa ameinama kama anayetafuta sindano.

Lakini mtu akipita barabara ya chini anaona mlango, na juu ya mlango anaona madirisha mawili na bati. Simlaumu atakayesema ni ghorofa. Mama anakumbuka kwamba mwaka 2021, kabla mita haijaanza kukata, walipita vijana wawili na karatasi, wakasimama huko chini, wakauliza jina la mwenye nyumba na namba ya mita, wakaondoka. Hawakupanda juu wala hawakuingia ndani. Sijui kama ndio walioandika, na sitaki kumsingizia mtu, ila sijapata maelezo mengine.

Ushahidi nilionao ni huu. Katika mkoba wa marehemu baba, aliyefariki mwaka 2020, nimekuta stakabadhi ya kodi ya majengo ya mwaka 2019 ya shilingi 10,000, na kwa wakati ule hicho ndicho kilikuwa kiwango cha nyumba ya kawaida, wakati ghorofa katika maeneo ya manispaa ilikuwa shilingi 50,000 kwa kila sakafu. Nyumba haijaongezwa hata tofali tangu siku hiyo. Nina pia picha za pande zote nne, pamoja na moja ambayo kaka amesimama ndani ya stoo shingo imekunjika. Ninachokosa ni ujumbe wa manunuzi wa miaka ya mwanzo, kwa sababu simu ya zamani ya mama ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia.

Nilipiga hesabu hata hivyo. Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23, na tofauti kati ya 5,000 na 1,000 inatupa shilingi 92,000. Julai 2023 hadi Juni 2025 ni miezi 24, na tofauti kati ya 7,500 na 1,500 inatupa shilingi 144,000. Jumla ni shilingi 236,000. Kwa mama anayeuza vitumbua na uji asubuhi, hizo si fedha za kusema zimekwenda na maji.

Nimekwisha kujaribu kulifuatilia kwa mdomo. Katika ofisi ya kodi kijana wa dirishani, aliyenipokea kwa adabu, aliniambia kwamba yeye anaona kilichomo kwenye mfumo na kwenye mfumo imeandikwa ghorofa, hivyo niende wanakouza umeme. Kule nikaambiwa kwamba wao wanakusanya tu kwa niaba ya wenzao na hawawezi kugusa aina ya jengo, hivyo nirudi nilikotoka. Niliporudi dirisha lilikuwa limefungwa, na basi la Masasi halikuwa la kunisubiri. Hakuna aliyenipa karatasi yoyote, wala mimi sikuacha yoyote, na sasa naona hilo lilikuwa kosa langu mimi ambaye kazini simpokei mkulima hata gunia moja bila kumwandikia risiti.

Shauri lingekuwa jepesi kama lingeishia hapo. Nyumba ina mita mbili. Baba alipopangisha vyumba viwili vya nyuma aliwafungia wapangaji mita yao ili pasiwe na ugomvi wa nani kapiga pasi na nani kawasha feni, na mita hiyo nayo inakatwa kodi, kwa kiwango cha kawaida. Ninavyoelewa, kodi ni ya jengo na si ya mita, na jengo lenye mita zaidi ya moja linapaswa kukatwa kwenye mita moja tu baada ya mwenyewe kutoa taarifa. Sisi hatukutoa taarifa, kwa kutojua. Kwa miezi ile ile 47, mita ya pili imekatwa shilingi 59,000. Sasa fedha hizo walizitoa wapangaji na si sisi. Mmoja bado yupo, fundi cherehani, na hakuwahi kulalamika. Mwingine alihama mwaka jana, na namba yake ninayo. Kaka anasema wao walinunua umeme, habari za kodi hawakuzijua, tusiwaamshe waliolala. Mimi naona kodi ya jengo ni mzigo wa mwenye jengo, na kama mpangaji aliibeba kwa kutojua basi anatudai, ofisi iturudishie au isiturudishie. Mama yuko upande wangu katika hili, ila anauliza atazitoa wapi kabla hazijarudi.

Na kuna jambo la tatu, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Sheria inamsamehe kodi hii mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na chanzo cha mapato, kwa nyumba moja anayoishi. Mama alikwisha kuvuka umri huo hata kabla ya utaratibu wa mita kuanza. Je, mtu anayepokea kodi ya vyumba viwili na kuuza vitumbua huhesabiwa kuwa hana chanzo cha mapato? Tena nyumba bado iko kwa jina la marehemu. Kaka aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, lakini hakuna aliyefuatilia kuhamisha jina, kwa kuwa hatukuwa na ugomvi wa kutuharakisha. Kwa hiyo sijui hata mwenye haki ya kulalamika ni nani: mama anayeishi humo, kaka mwenye karatasi ya mahakama, au marehemu ambaye jina lake ndilo lililo kwenye mfumo.

Kaka ana dawa yake. Anasema kabla mkaguzi hajaja tulete fundi, tuuzibe mlango wa stoo kwa tofali na lipu, tusafishe mbele, na mama atamke kwamba wapangaji ni wajukuu zake. Mjomba wetu, ambaye katika ukoo wetu neno lake huwa la mwisho, alimsikiliza hadi akamaliza, kisha akamuuliza lipu mbichi inakauka kwa siku ngapi. Kaka akanyamaza. Mimi sitaki njia hiyo, si kwa sababu ya lipu tu, bali pia kwa sababu tuna haki ya wazi kuhusu umbo la nyumba na sioni kwa nini tuichafue kwa uongo kuhusu mambo mengine.

Hata hivyo hofu ya kaka si ya kipuuzi, na ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kwenda. Tumekuwa tukikatwa kiwango cha sakafu moja ya ghorofa. Akija mkaguzi akaamua kwamba stoo ile ni sakafu, basi huenda akahesabu mbili, na mama akaanza kukatwa shilingi 15,000 kwa mwezi pamoja na malimbikizo ya nyuma. Kwenye mizani, mkulima akidai uzito umekosewa tunarudisha gunia juu na wote tunatazama. Mara nyingine linaongezeka, mara nyingine linapungua, na anayedai anajua hivyo tangu mwanzo. Nataka kujua kama na huku ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba ushauri wako katika haya. Kwanza, je, mambo haya matatu, yaani aina ya jengo, mita ya ziada na msamaha wa mzee, yawekwe katika barua moja au yaende moja moja, nikianza na lile lenye ushahidi wa wazi? Mwelekeo wangu ni kuanza na aina ya jengo pamoja na mita ya pili, na kuuacha msamaha hadi jina la nyumba litakapohamishwa, lakini naogopa kwamba kila mwezi tunaousubiri ni fedha ya mama inayokwenda.

Halafu kuna suala la muda. Binamu yangu mmoja aliyesoma mambo ya hesabu ananiambia kwamba chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 pingamizi huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu mtu apokee uamuzi wa kodi, na asiporidhika na jibu anakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Sisi hatukuletewa uamuzi wowote kwa maandishi. Tulichopokea ni uniti pungufu. Je, siku 30 zinahesabiwa tangu Agosti 2021, tangu siku niliyosoma simu ya mama, au kila makato ya mwezi ni uamuzi mpya? Na je, kudai kurudishiwa kilicholipwa zaidi ni pingamizi hilo hilo au ni ombi la aina nyingine lenye muda wake?

Nieleze pia ni ushahidi gani unaoweza kuziba pengo la ujumbe uliopotea, na kama fedha zikikubaliwa hurudishwa mkononi au hufidiwa kwenye makato yajayo. Nikijua hilo nitajua pia namna ya kuzungumza na fundi cherehani na yule aliyehama.

Mwenyekiti wa mtaa amekubali kutuandikia barua ya kuthibitisha kwamba nyumba ni ya chini tu na haijabadilishwa tangu baba akiwa hai. Nitakuwa Mikindani wiki ya pili ya Agosti, kabla maandalizi ya msimu wa korosho hayajanifunga ghalani, na safari hii nataka nifike dirishani nikiwa na nakala mbili za kila kitu, moja wabaki nayo na nyingine waigonge muhuri nirudi nayo. Ukiweza kunijibu kabla ya hapo nitashukuru sana.

Wako,
Karani wa Mizani,
Masasi