Barua kutoka Busia: orodha baada ya sala

Busia, Jumapili jioni

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Sisi wazima, mvua ya pili inanyesha bila mpango, na P7, darasa la saba, wanahesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Barua yako nilipewa Jumatano na yule kondakta wa basi. Niliisoma nikiwa zamu, na nilipofika pale unaposema mwalimu mkuu wenu amekukabidhi mambo yote ya dini, nilicheka hadi watoto wakanitazama. Ndivyo wanavyofanya. Wanaangalia nani hagombani kwenye kikao cha walimu, wanampa dini. Mimi huu ni mwaka wa nne.

Umeniomba ratiba. Hiyo ni rahisi: paredi yenye ibada fupi Jumatatu na Ijumaa, sala paredini kila asubuhi kabla ya vipindi, ushirika Jumatano baada ya masomo, na mchungaji mara moja kwa mwezi akipata pikipiki. Nakili hivyo hivyo, itakutosha. Ninachotaka kukuandikia ni kinachofuata baada ya "Amina", kwa sababu hicho hakuna aliyenifundisha, na chuoni hatukukisikia.

Mwaka jana muhula wa pili, zamu ilikuwa yangu. Unajua paredi zetu: P1 mbele, wakubwa nyuma, wimbo wa taifa, wimbo mmoja wa sifa, Sala ya Bwana. Niliiongoza mwenyewe kwa Kiswahili. "Utupe leo riziki yetu", uwanja mzima pamoja nami, macho yamefumbwa. Amina. Kisha nikafungua kitabu cha zamu nikaanza kusoma majina ya ambao hawajaleta pesa ya chakula. Anayesomwa anatoka mstarini, anasimama chini ya mwembe, na wakimalizika wanarudishwa nyumbani. Walikuwa kama 30 asubuhi ile. Sikuona tatizo lolote, dada. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka na miaka, na wewe pia umefanya, usijifanye.

Kesho yake ilikuwa siku ya ushirika. Nilikuwa nimechoka na zile sala za Kiingereza ambazo watoto wetu huzitema kama lori lililokatika breki, neno moja refu kuanzia "Our Father" mpaka mwisho. Nikawaambia leo hakuna sala ya kukariri, kila mtu amwambie Mungu jambo lake, kwa lugha anayotaka. Wakanyamaza. Wengine wakacheka kwenye mikono. Msichana mmoja akaomba kwa Lusamia, lugha ya huku kwetu, kuhusu mguu wa bibi yake. Halafu mtoto wa P3, mdogo hata kwa P3, akasema kwa kile Kiswahili cha soko letu: "Mungu, kesho mwalimu asisome jina yangu."

Chumba kizima kikaitikia Amina. Haijawahi kuitikiwa Amina kama ile, hata mchungaji akija.

Nilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa. Alijua kabisa mwalimu mwenyewe ni nani.

Sasa nikukumbushe kitu. Februari mwaka ule ule, siku moja kabla ya sikukuu ya tarehe 16, niliwasimulia watoto habari za mwenye sikukuu hiyo, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda. Niliwaambia kwamba kabla ya upadri alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kama mimi, na kwamba mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua kulalamikia mauaji, naye akauawa siku chache baadaye. Nilisimulia vizuri, mpaka mwalimu wa hesabu akasimama dirishani kusikiliza. Mtoto mmoja akauliza kama aliogopa. Nikajibu kwa ujasiri mkubwa. Basi huyo jasiri, miezi minne baadaye, aliandika mistari mitatu kwenye karatasi ya kumwambia mwalimu mkuu kuhusu orodha, akaingia ofisini, akaomba chaki, akatoka.

Nilirudi Ijumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, sala haipiki posho." Yaani haipiki ugali.

Na ana haki, hilo lazima nikubali. Bango la getini linasema shule ni ya Kanisa la Uganda, kanisa linapeleka watu wake kwenye kamati, lakini mishahara inatoka serikalini, na pesa ya UPE, mpango wa elimu ya msingi bila ada, inayokuja tangu 1997 ni ndogo hata kwa chaki. Chakula cha mchana sheria ya elimu ya 2008 imemwachia mzazi. Asiyeleta, sufuria inapungua, na mpishi hali maneno. Nikamwambia sipingi pesa kulipwa, napinga orodha kusomwa pale tuliposalia. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema tujaribu muhula mmoja.

Tulichofanya ni hiki. Majina yakatoka paredini, yakaenda kwa walimu wa madarasa, nao wanawapigia wazazi simu au wanawasubiri sokoni. Na mzazi asiye na pesa akaruhusiwa kuleta mahindi au maharage wakati wa mavuno. Julai baiskeli zilikuja na magunia, ilikuwa raha kuona. Lakini usidhani kila kitu kilinyooka. Wapo waliokuwa wanalipa kwa kuogopa aibu tu, nao aibu ilipoondoka wakaacha kulipa. Muhula wa tatu tulikunywa uji mwepesi wiki mbili, na mwenzetu mmoja akatangaza kwenye chumba cha walimu kwamba dini yangu imeleta uji wa maji. Sikuwa na jibu. Mpaka leo ile hesabu haijakaa sawa, lakini orodha haijarudi paredini, na muhula mmoja wa mwalimu mkuu sasa umekuwa minne.

Lugha nayo itakuletea kelele, hasa huko Masindi. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba naombesha watoto wao kwa Kiswahili, lugha ya wanajeshi na wezi. Unalijua hilo neno, tumekua nalo. Nikawaambia kwamba yule mmisionari Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 hakukuwa na Injili ya Kiganda, na wasomaji wa kwanza pale ikulu walianza na vitabu vya Kiswahili kutoka pwani. Na Waganda hadi leo wakisema mtu ameenda "kusoma", anaweza kuwa ameenda kanisani. Nilidhani nimeshinda. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Hao wasomaji si ndio walichomwa Namugongo kwa amri ya mfalme?" Tukacheka wote, na kesi ikaishia hapo. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, kelele zimepungua kidogo.

Kuhusu watoto Waislamu: usiwasukume. Hata karatasi ya mtihani ya SST, yaani maarifa ya jamii pamoja na dini, inamwachia mtoto achague maswali ya Ukristo au ya Uislamu, kwa nini sisi tuwe wakali kuliko mtihani? Kwenye paredi wanasimama kwa heshima kama wengine, na simpi Mwislamu kuongoza Sala ya Bwana ili nionekane nimefanikiwa. Mama mmoja muuza chapati aliniuliza kama binti yake anaweza kuja Jumatano kwa ajili ya nyimbo tu. Nikamwambia azungumze kwanza na baba yake. Bado wanazungumza.

Hiyo SST ndiyo adui yangu mkubwa, nakwambia. Mfundishe mtoto wa P6 habari za Msamaria, umalize, unyamaze kidogo ili limwingie, atanyoosha mkono: "Mwalimu, hii itatoka?" Dini imekuwa maksi. Na ibada kubwa kuliko zote kwa mwaka ni ile ya kuwaombea watahiniwa, mchungaji anaweka mkono juu ya kalamu na seti za hesabu, wazazi wanavaa suti. Siipingi, mimi mwenyewe hulia pale. Lakini P3 hakuna anayemwombea kalamu. Mwaka huu nimeomba mchungaji, akimaliza na P7, ashuke kwa wadogo nao walete penseli zao. Amesema ndiyo. Tatizo ni kwamba nusu yao hawana penseli, kwa hiyo kama una zile fupi zilizobaki dukani kwa shemeji, nitumie.

Yule mtoto sasa yuko P4. Jumatano iliyopita aliomba kuhusu mbuzi wao aliyepotea upande wa Kenya. Akarudi, mbuzi, Alhamisi. Sasa kila mtu ananiletea mifugo yake.

Nimempa kondakta kilo 2 za mukene, dagaa wetu, wakavu. Nimewafunga kwenye karatasi mara mbili, hata hivyo usiwaweke karibu na vitabu vya watoto.

Nisalimie shemeji na wanao.

Ni mimi dada yako,
wa Busia