Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Kwanza asante kwa kuja, tunajua una mambo mengi. Ya klabu tutasema mwishoni, kwanza tukusimulie tulichobishania muhula mzima, yaani Septimania, kile kipande cha pwani kusini mwa Ufaransa chenye mji wa Narbonne, Wavisigothi na Wafranki, makabila mawili ya Kijerumani ya kale, walikigombania zaidi ya miaka 200.

Mwaka 507 Clovis mfalme wa Wafranki alimuua Alaric wa Pili mfalme wa Wavisigothi pale Vouillé, Wavisigothi wakapoteza Toulouse na karibu ardhi yao yote ya Gaul, yaani Ufaransa ya leo, Septimania ikabaki kwa sababu Theodoric mfalme wa Italia alituma jeshi, la sivyo nayo ingeenda. Baadaye Amalaric mwana wa Alaric akamuoa Clotilde binti Clovis, si unajua ndoa za kutafuta amani. Wapi! Mke Mkatoliki, mume Mwario, yaani Mkristo asiyekubali kwamba Yesu ni sawa na Mungu Baba. Gregory wa Tours, askofu na mwandishi wa historia wa karne ile, anaandika kwamba bibi wa watu akienda kanisani anatupiwa kinyesi, nyumbani anapigwa, mpaka akamtumia kaka yake Childebert kitambaa chenye damu yake mwenyewe. Mwaka 531 Childebert akaja, Amalaric akashindwa na kuuawa, Clotilde naye akafia njiani akirudishwa kwao. Ila kaka mtu alibeba na vikombe vya kanisa 60 vya dhahabu, kwa hiyo wengine humu klabuni hawaamini kabisa kwamba alifuata dada tu.

Na Septimania hakuipata! Mwaka 589 Wafranki wakajaribu tena wakachapwa vibaya karibu na Carcassonne. Baadaye Waislamu kutoka Hispania wakauteka Narbonne, Charles Martel kiongozi wa Wafranki akauzingira mwaka 737 akashindwa kuuingia. Uliangukaje basi? Mwaka 759 Wagothi wenyeji, wazao wa wale Wavisigothi, waliwaua walinzi wa Kiislamu wakamfungulia Pippin mwana wa Charles, baada ya kuahidiwa kwamba wataachiwa sheria zao wenyewe. Kundi moja linasema huo ni usaliti, sisi tulioandika risala hii tunasema wale watu walijua kupatana bei.

Sasa maombi mgeni rasmi. Hatuna projekta, na ramani yetu ya Ulaya ni ya mipaka ya leo, Septimania tunaichora kwa chaki na zamu ya usafi inaifuta kila Ijumaa. Chochote utakachojaaliwa tutashukuru.

Ni sisi wanaklabu, asante sana, na usiondoke kabla ya picha ya pamoja.