Shoga yangu, kabla hujahamia Mji Mkongwe

Mji Mkongwe, Unguja

Shoga yangu,

Asalam aleikum. Waraka wako umefika, na nimefurahi kusikia umepata vyumba viwili mtaa wa Kiponda, ghorofa ya pili, ngazi moja na wapangaji wengine watatu. Umeniuliza majirani wa huku wakoje. Watakujua kabla hawajakuona, hilo lipokee kama lilivyo. Ila kitu cha kwanza watakachokujulia ni maji yako, jina litafuata baadaye. Kwa hiyo usishangae barua hii ikianza na tangi.

Nyumba zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi, na dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: boriti haifiki mbali, mita mbili na nusu hadi tatu basi. Nyingi zilijengwa kwa ukoo mmoja, leo zina wapangaji wanne, watano, wengine wa Wakfu, wengine wa serikali, na hakuna aliyemchagua mwenziwe. Maji ya wa juu ndiyo ukuta wa wa chini. Ukuta ukilowa, hapo umbea umeshapata pa kukaa. Mtu hatokwambia valvu yako mbovu. Atasema ngazini, kwa sauti ya kusikika, "Yule mgeni wetu, mh, anaoga kutwa."

Basi tangi. Maji ya mfereji mara nyingi huja usiku, kwa hiyo bila tangi huishi. Lakini la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani nzima, na watu huliweka katikati ya dari kama wanaweka kabati. Boriti iliyooza ncha haionyeshi kitu mpaka siku inapokatika. Chukua mawili ya lita 500, yakae karibu na ukuta mnene, juu ya mbao nene zinazolala kutoka ukuta hadi ukuta, na kabla ya hapo fundi aliyezoea nyumba za zamani apande atazame. Mwambie achome ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Bisibisi ikigoma, sawa. Ikizama, hapo hapafai hata ndoo.

Ndani ya tangi pana valvu ya boya: mkono wa shaba, boya la plastiki mwishoni, na kipande cha mpira kinachoziba tundu maji yakifika juu. Maji ya kisiwa hiki hutoka kwenye mawe ya chokaa, na huacha ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika. Ukoko huohuo hujikusanya pale mpira unapokaa, valvu haifungi barabara, na saa nane za usiku tangi linafurika wewe umelala. Kila miezi mitatu funga maji, chomoa kipini, toa mpira, roweka vile vya shaba katika siki au maji ya ndimu kwa saa moja, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu. Mpira ukiwa na alama ya duara iliyozama, ugeuze upande wa pili. Ukiwa umeshageuzwa, nunua mwengine. Na boya litikise karibu na sikio: likilia maji ndani, limetoboka, na boya lililotoboka huzama, mkono haunyanyuki, maji hayakatiki.

Bomba la kumwagia ziada ndilo linalosahauliwa. Wengine hawaliweki kabisa, wengine hulielekeza ukutani kwa jirani. Lako litoke nje ya ukuta shubiri mbili, lidondokee uchochoroni mahali panapoonekana. Likianza kumwaga, mtoto yeyote anayepita atapiga kelele, "Tangi limejaa!" Majirani wa huku hawachoki kukuamsha kwa jambo la namna hiyo, na asubuhi watalisimulia kwa furaha. Afadhali wasimulie hilo.

Ikiwa ukuta umeshalowa kabla hujaingia, usikubali fundi aje na mfuko wa saruji. Ukuta wa chokaa hunywa maji masika na kuyatoa kiangazi. Ukiuvika saruji, unyevu unabaki ndani, unapanda na chumvi yake, na baada ya msimu mmoja au miwili plasta inabanduka mapande kwa mapande, tena inabanduka na jiwe. Maji yaliyozuiwa kwako hutafuta njia kwa mwenzio na kwenye ncha za boriti, na hapo kesi si ya ukuta tena. Mwambie fundi abandue mpaka kwenye jiwe, auache ukuta ukauke wiki kadhaa, ikiwezekana wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, kabla masika haijaingia mwezi wa tatu. Kisha chokaa iliyozimwa zamani na kulala, sehemu moja kwa tatu za mchanga. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi, na chumvi huita unyevu. Ukuta unyunyizwe maji kwanza, tabaka lisizidi sentimita moja, na magunia mabichi yaning'inizwe mbele yake siku kadhaa. Plasta ya chokaa ikikaushwa mbio hupasuka kama matope ya kiangazi, na fundi atakwambia chokaa ilikuwa mbovu. Chokaa haina kosa, haraka ndiyo iliyoharibu.

Ukitaka kugusa mlango, dirisha, paa au chochote kionekanacho nje, nenda kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe ukaombe ruhusa. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na nyundo ikilia uchochoroni hakuna asiyesikia. Nyufa nazo usizifiche kwa rangi. Tangu sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa, ufa si mzaha tena huku. Ukiupaka rangi, watu wataona rangi mpya na wataanza kuulizana iko kwa ajili gani.

Nguo. Kamba za nguo huvuka uchochoro, na wanaopita chini baadhi yao wanakwenda msikitini na kanzu nyeupe. Tone la maji yasiyojulikana yametoka wapi humrudisha mtu nyumbani kubadilisha. Kamua nguo mpaka isidondoke, na kama huna nguvu ya kukamua, zianike ndani juu ya beseni kwanza. Usianike karibu na wakati wa adhana, hasa Ijumaa mchana. Hili halijaandikwa popote, lakini ukilikosea utapewa jina, na majina ya huku hayafutiki kwa sabuni.

Siku ya kwanza au ya pili nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ukajitambulishe, na kitambulisho chako mkononi. Wengine huchelewa, kisha wakihitaji barua ya kitu fulani wanakuta hawajulikani.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe. Ukiingia utaulizwa, "Wewe mtoto wa nani? Watu wapi?" Usikasirike, hayo ndiyo mahojiano ya kawaida. Tayarisha jibu moja fupi na umpe kila mtu hilohilo. Ukimwambia huyu umetoka Mkoani, Pemba, ukamwambia yule Chake Chake, ikifika magharibi majibu yako mawili yameshakutana barazani na la tatu limeshazaliwa. Wazee waamkie kwa shikamoo hata kama umewapita mara tatu siku hiyo. Ukikuta wanaume barazani, salamu moja kwa wote, uendelee na safari. Ya kwao ni kahawa, dhumna na siasa, na wanaona kila mlango.

Hala hala na neno la kupokea. Huku kuna kusutwa. Mtu akisikia amesemwa, hatosema kimoyomoyo. Atakwenda kwa aliyemletea neno, atamuuliza kalitoa kwa nani, atafuata mnyororo mpaka kwenye chanzo, kisha atakwenda mlangoni kwa chanzo hicho na mashahidi wake: "Ulisema, hukusema?" Wengine hupiga ngoma kabisa, na mtaa mzima ukatoka madirishani. Anayeaibika kuliko wote mara nyingi ni yule wa katikati, aliyebeba neno kutoka ngazi moja hadi nyengine akidhani anapiga soga tu, kwa sababu yeye ndiye anayeshikwa mkono akasimamishwe mbele za watu athibitishe. Basi ukiletewa neno, lipokee kwa "Haya" au "Makubwa!" Usiulize "Nani kakwambia?" maana ukishajua, umeshakuwa shahidi. Na usiseme "Hata mie nilisikia." Maneno matatu hayo yanatosha kukufikisha mlangoni kwa mtu.

Vijembe ni kitu chengine, na hivyo vina adabu yake. Mtu atapita na kanga iliyoandikwa jambo lake, au kwenye taarab atainuka kwenda kutunza hasa kwenye beti fulani, akipita polepole mbele ya meza fulani. Ukihisi kapita mbele yako, endelea kula. Ukivaa kanga ya kujibu kesho yake, umekubali kuwa ulisemwa wewe.

Sahani nazo zinasema. Jirani akikuletea chakula, sahani hairudi tupu: hata ndimu tano, hata maandazi mawili, hata sukari kidogo ndani ya karatasi. Wala isikae kwako wiki. Ramadhani ndiyo sahani huchanganyika mpaka watu wakawekeana kisirani, kwa hiyo zako zitie alama kwa chini, tone la rangi ya kucha linatosha na halitoki kwa kuoshwa upesi. Futari ipeleke robo saa hivi kabla ya magharibi, imefunikwa kawa. Ukichelewa mpaka adhana, utabisha hodi mtu yuko na tende mdomoni. Na ukipeleka, pelekea ngazi nzima au usipeleke. Kaimati zilizofika ghorofa ya kwanza na ya tatu zikairuka ya pili huwa habari mpaka Idi.

Jambo jengine dogo, umeme. Unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waliokuwapo bado wanakumbuka miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ukiweka jenereta, usiiweke ngazini wala ndani ya ua uliofungwa. Moshi wake hauna harufu ya kukuamsha usingizini, na ngazi za nyumba hizi ni kama bomba la kuupandisha vyumbani. Mwanga wa taa ya betri unatosha kwa saa mbili tatu.

Kilichobaki ni kikapu. Kwa ghorofa ya pili utakihitaji, maana muuza mboga hapandi ngazi na wewe hutoshuka kwa fungu la mchicha. Unateremsha kikapu dirishani kwa kamba, pesa zimefungwa kwenye kitambaa, unapandisha mchicha na chenji. Kamba nyembamba ya nailoni inakata viganja, chukua ya katani unene wa kidole, mita kumi, na ufunge fundo kila baada ya mita moja ili mkono usiteleze. Ncha ya juu ifunge kwenye nondo ya dirisha kabla hujateremsha. Na kabla hujateremsha, tazama chini kama barazani hakuna mtu amekaa.

Kamba ninayo ya ziada. Nitakuletea siku utakayoingia, pamoja na kile kipande cha mpira cha valvu, maana najua tangi uliloachiwa na wapangaji waliotoka halijafunguliwa miaka.

Wasalaam,
Shoga yako