Faida, ni moyo wa Nsimire

Bukavu, Jumapili jioni

Dada yangu Faida,

Habari za Lubumbashi? Huku tuko, mvua haituachi na Kadutu ni matope matupu. Najua nimekunyamazia tangu harusi ya Mapendo. Utanigombeza siku nyingine, leo nina shida.

Nsimire ana mimba ya miezi saba. Jana tulipokuwa tunapanda kutoka sokoni alisimama mara tatu, kila mara akijifanya anatazama ziwa. Yeye, aliyekuwa akituacha nyuma sote! Usiku anaegemea mito miwili na furushi la vitenge. Akilala chali pumzi inamkata. Kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, muuguzi kamwambia, "Ni mimba tu, mama." Huenda. Lakini mimi namwona marehemu ndugu yetu Bahati.

Unakumbuka alivyokwenda: miaka kumi hivi miguu ikagoma, na mwisho moyo ndio uliomchukua. Daktari aliandika Duchenne, ule ugonjwa wa misuli kudhoofika, nasi tukashika kwamba ni ugonjwa wa wavulana, basi. Kumbe mama anaweza kumrithisha binti kasoro ileile, binti akatembea vizuri, akabeba ndoo zake, huku msuli wa moyo unachoka kimyakimya. Sasa ongeza mimba: damu mwilini inazidi karibu nusu, na ni moyo uleule wa kuisukuma.

Nimemwomba shemeji ampeleke akapigwe ekografi ya moyo, ile picha ya kuutazama, na elektrokadiogramu, ile ya kupima mapigo yake. Akacheka: "Ekografi si tulifanya? Mtoto mzima kabisa!" Ya mtoto hiyo, jamani. Nsimire naye hataki kusikia neno moyo, ati namletea mkosi. Mito miwili na furushi, Faida! Siyo mkosi huo.

Shangazi yako bado anafanya kazi kwa yule daktari wa moyo? Muulize, mwezi wa saba tumechelewa? Dawa gani ataweza kumeza, maana vidonge vingine vya presha na moyo vinamdhuru mtoto tumboni? Wakimpasua, si lazima mtu wa usingizi ajue habari za Bahati mapema? Na akishajifungua tumchunge hadi lini, maana moyo unaweza kulegea hata baada ya kuzaa? Karatasi za Bahati hazikubaki kwenye sanduku la mama yako?

Na mimi je, tumbo moja nao, nipimwe? Hilo sijamwambia mtu.

Nijibu kabla ya Jumatano, ndiyo siku yake ya CPN.

Wako,
Mama Josué