Risala ya Madereva wa Malori kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Siku ya Afya ya Kikundi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mwenyekiti wetu na wajumbe wa kamati,
Wake zetu wapendwa,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa, karibu sana yadi kwetu. Leo tunazungumzia unene wetu na uzazi wa mwanaume.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, nasi tunazimaliza tumekaa. Supu na chapati Chalinze, chipsi mayai na soda njiani, nyama choma Makambako, kisha tunalala humo humo garini. Mizani ya Vigwaza inapima gari, ya Mikese inapima tena, lakini dereva hapimwi popote. Leo asubuhi tumepimana viuno kwa futi ya fundi cherehani. Wengi tumevuka sentimita 94, kiwango ambacho mwanaume akikipita hatari ya maradhi huanza kupanda. Mwenzetu mmoja ana 118. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari mara mbili tangu mwaka jana, na sisi tulikuwa tukimwita bosi.

Ameturuhusu tueleze yaliyomkuta. Ana miaka minne kwenye ndoa, hajapata mtoto. Mkewe alipimwa mirija, akapimwa damu, akanyweshwa mitishamba, akasemwa na mawifi mpaka akarudi kwao. Mume hakuguswa, maana hakuna aliyemuuliza. Alipopimwa hatimaye, mbegu zake za kiume zilikuwa chache, na nyingi hazikimbii. Mheshimiwa, limetuuma. Tunasema mbele ya wake zetu: tumewakosea.

Tumeelimishwa kwamba mafuta ya mwilini hayakai bure. Yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, homoni ya kike. Estrojeni ikizidi, ubongo hupunguza amri unazozipelekea korodani, nazo hulegeza kazi. Tena korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Mapaja manene na kiti cha lori kutwa nzima vinazinyima ubaridi huo. Wapo wanene wenye watoto wengi na wembamba wanaohangaika, hilo tunalijua. Lakini kupunguza uzito ni jambo ambalo mtu anaweza kulianza leo.

Na linalipa. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2022 ulifuata wanaume 56 wanene waliokula kwa kipimo wiki 8. Walipungua wastani wa kilo 16 na ushee, na wingi wa mbegu ukapanda kwa karibu nusu. Mbegu huchukua siku 70 hivi kutengenezwa, kwa hiyo asiyeona badiliko mwezi wa kwanza asikate tamaa. Na vijana wetu wanaojidunga testosteroni ili wajenge mwili tunawasihi waache: sindano hizo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Wanandoa wakija kliniki kwa tatizo la uzazi, mume na mke wapimwe siku hiyo hiyo. Pia kipimo cha mbegu kipatikane hospitali yetu ya wilaya, pamoja na chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maana wengi wetu tumegeuzia mlangoni kwa aibu.

Mwenzetu yule ameacha soda, na mkewe amerudi. Amekaa naye safu ya pili. Chumba kikipatikana, amesema atakuwa wa kwanza kuingia kurudia kipimo.

Tunaomba kuwasilisha.