Mbona Kimya Hivi

Mikindani

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, bibi yako kikohozi kimemwacha.

Juzi mdogo wako kanionyesha Sholay kwenye simu yake, imewekwa Kiswahili. Hiyo picha ni ya 1975, mimi niliikuta banda la video nikiwa na miaka kumi. Jenereta lilivuma kuliko sauti ya picha, na mkanda ulivyochakaa, yule jambazi Gabbar alikuwa na mistari usoni kama pundamilia. Kihindi hatukijui. Tafsiri ilitoka kwa kaka zetu waliokaa benchi la nyuma, na nusu yake walitunga.

Kwetu ilikuwa picha ya bunduki. Tulijua stelingi hafi, kwa hiyo Amitabh alipokufa siku ya kwanza tuligoma kutoka, tukidai mwenye banda kakata mkanda. Na yule mzee kipofu, imamu wa kijiji, akitokea tu, sisi huyo, nje kununua mihogo ya kukaanga. Sehemu yake haina ngumi.

Kumbe mwanawe Ahmed hakutaka kuondoka! Kazi imepatikana Jabalpur, kiwanda cha bidi, zile sigara za Kihindi, kijana anasita kumwacha baba yake peke yake. Mzee ndiye anayeshikilia aende. Akaenda. Farasi akarudi na maiti. Watu wote wamesimama, hakuna mwenye ulimi wa kusema, na mzee anakuja na fimbo yake akiuliza mbona kimya hivi. Miaka yote hiyo sikujua kuwa anauliza hilo.

Mdogo wako akataka kupeleka mbele. Nikamnyang'anya simu. Baadaye nikamhurumia, maana mwenzake nilikuwa naikimbia kwa ajili ya mihogo.

Nilikumbuka stendi, baba. Alfajiri ile umeshika begi, unaniambia, "Mama, si ningengoja korosho ziishe?" Nami nakusukuma mlangoni: mjomba wako ana karakana Mbagala, nenda, usije ukaniozea kijiweni. Nilijiona sikupeleki mbali. Sisi safari ya Dar ilituchukua siku kadhaa ikiwa masika, na pantoni la Rufiji tukilisubiri hapo hapo. Tangu daraja lifunguliwe 2003, mtu anaondoka huku alfajiri na jioni yuko mjini. Lakini usiku ule simu yako haikupatikana mpaka saa tano. Bibi yako kwenye mkeka na tasbihi, mimi mlangoni, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Wewe ukaja kusema chaji iliisha, ukacheka.

Kukupeleka sijuti, na ningekupeleka tena.

Ming'oko, viazi vyetu vya porini, nimempa kondakta wa basi la kesho, mfuko wa bluu, nimeufunga kamba ya katani. Kaungoje kituo cha Rangi Tatu jioni, mpe na mjomba wako. Ukishaupokea nipigie. Usinitumie meseji, piga.

Mama yako