Kupima mubirizi: Jumamosi, saa mbili asubuhi

Jamboni ndugu na dada. Tukutane maabara ya Ibanda, tuone kama majani ya mubirizi (mmea mchungu wa dawa) yanaua bakteria. Mchango ni faranga 5,000, ufike kabla ya Alhamisi.

1. Majani yakaushwe kivulini mpaka yavunjike mkononi. Yakibaki na unyevu yanaota ukungu.
2. Agari (jeli ya kuotesha bakteria kwenye sahani) iwe na unene wa milimita 4. Ikiwa nyembamba, duara lisilo na bakteria, linalozunguka karatasi yenye dawa ya majani, linapanuka na kutudanganya.
3. Kila sahani iwe na karatasi moja ya etanoli tupu (pombe ya kulowekea majani, bila majani), iliyokauka vizuri. Hii, tafadhali, isisahaulike: etanoli yenyewe inaua bakteria, tutausifu mmea bure.

Sahani ziingie inkubeta (kabati la joto) saa sita mchana, nyuzi 37. Kupima maduara ni Jumapili saa tano, baada ya ibada. Njoo na rula.

Nani atasaga majani, nani atapika agari? Andikeni "niko" na kazi yenu kabla ya Jumatano jioni. Aksanti sana.